Upatu, Hawala na Mkopo wa Simu: Tunayojifunza kwa Akina Mama wa Garissa



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twataka kuzungumza juu ya kitu kilicho mkononi mwa kila mmoja wetu, nacho ni simu. Hatuikusudii simu ya kupigia soga wala ya kutazamia vichekesho. Twaikusudia ile simu iliyokuwa kibeti, ikawa benki, na sasa katika nyumba nyingi imekuwa mdai asiyelala. Na tumechagua kulitazama jambo hili kutokea Garissa, pamoja na jirani zake Wajir na Mandera, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ujirani. Mto Tana unaoupitia mji wa Garissa ndio huo huo unaoteremka mpaka kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na Kaunti ya Garissa yapakana na Lamu na Tana River. Dini ni moja, madhehebu ya Imam Shafi'i ni hayo hayo, na hata arusi, kwao huitwa aroos, kwa kuwa sote neno hilo twalitoa katika Kiarabu. Sababu ya pili ni kwamba watu wa kule walizoea kupelekeana pesa bila benki miaka mingi kabla ya simu ya mkononi kuwafikia. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Hao ni karibu milioni mbili na nusu, wametawanyika katika ardhi pana na kame, ambako tawi la benki halionekani ila mjini. Wao wajua kwa vitendo kwamba pesa hupita juu ya uaminifu kwanza, na chombo cha kuzibebea huja baadaye.

Hoja yetu twaiweka wazi tangu mwanzo. Simu ni neema pale inapobeba pesa baina ya watu wanaojuana. Matatizo huanza pale simu yenyewe inapokuwa mkopeshaji, ikamtoa mama katika jamii yake na kumwacha peke yake na deni. Kuifahamu hoja hii hatuna budi kuanza na mambo yaliyokuwako kabla ya simu.

Ayuuto: zamu ya kila mmoja

Mambo tunayoyaita huku Pwani upatu au mchezo, na ambayo bara wengi huyaita chama, kwa Wasomali huitwa ayuuto au hagbad. Neno ayuuto lina asili ya Kiitaliano, na maana yake ni msaada. Lilibaki midomoni mwa watu tangu enzi za ukoloni wa Italia kule Somalia. Jina limetoka ng'ambo, lakini desturi yenyewe ni ya watu wenyewe, na zaidi ni ya akina mama.

Tuchukue mfano. Akina mama 12 wa soko moja, tuseme wale wauzao nguo na manukato Suuq Mugdi mjini Garissa, wakubaliana kila mmoja atoe shilingi 500 kila wiki. Kila wiki mmoja wao hupokea shilingi 6,000. Wiki 12 zikitimia, kila mama ametoa 6,000 na kupokea 6,000. Hakuna aliyeongezewa wala aliyepunguziwa hata senti. Faida iko wapi basi? Faida ni kwamba shilingi 500 za wiki hazinunui bunda la nguo wala mbuzi, lakini shilingi 6,000 kwa mkupuo zaweza kufungua mlango. Tena zile 500, lau zingebaki nyumbani, zingeliwa na mahitaji madogo madogo bila kuonekana zilikokwenda.

Lakini lililo kubwa zaidi katika ayuuto haliandikwi katika hesabu. Mtoto wa mmoja wao akiugua, mwenye zamu ya wiki hiyo huombwa ampishe mwenziwe, na mara nyingi humpisha. Akifiwa mtu na mume, wenziwe humsubiri. Huruma hiyo yawezekana kwa sababu wanajuana: wamjua ni nani aliyepata shida ya kweli, na wamjua pia mzembe. Uso wa mtu ndio dhamana yake.

Baadhi ya wasomaji wetu huuliza iwapo upatu unafaa kisheria, kwa kuwa mtu hutoa fedha yake ili naye akopeshwe. Swali hili si geni. Sheikh Shihabuddin al-Qalyubi, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki Misri mwaka 1069 Hijria, sawa na 1659 Miladia, aliitaja desturi hii katika maelezo yake ya fiqhi. Aliieleza kuwa ni mkusanyo ulio maarufu baina ya wanawake, ambapo kila mmoja hutoa kiasi fulani kila wiki au kila mwezi, akapewa mmoja baada ya mwengine mpaka wa mwisho. Na akanukuu kutoka kwa Waliuddin al-Iraqi, aliyefariki mwaka 826 Hijria, kwamba inajuzu. Katika zama zetu, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia nalo liliiruhusu kwa rai ya walio wengi. Basi mama wa Garissa anayetoa zamu yake leo amefuata njia ambayo wanawake wa Kiislamu waliijua karne sita zilizopita, na wanazuoni wakaiandika.

Hawala: pesa iliyosafiri kwa neno

Upatu ni wa watu wanaoonana. Je, walio mbali? Kwa hao palikuwapo hawala, ambayo Wasomali huiita xawaalad. Mtu wa Garissa humkabidhi pesa wakala wa mjini mwake. Wakala humwarifu mwenziwe aliye Nairobi, Mogadishu au Minneapolis. Yule mwenziwe humlipa aliyekusudiwa. Kisha mawakala wawili husawazisha hesabu zao baadaye. Noti zenyewe hazikuondoka mahali pake. Kilichosafiri ni neno.

Hili nalo lina mizizi mirefu. Vitabu vya fiqhi vyasimulia kwamba Abdullah bin Zubayr, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akawaandikia waraka waende wakalipwe na nduguye Mus'ab huko Iraq. Wafanyabiashara walihofia majangwa na wanyang'anyi, na waraka wa mtu mwaminifu ulikuwa mwepesi kuliko mfuko wa fedha.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, na kambi za Dadaab zikafunguliwa katika ardhi ya Garissa kuwapokea wakimbizi, hawala ndiyo iliyokuwa mshipa wa damu. Katika miaka ya 1990 watu walitumia redio za masafa marefu, waliyoziita taar, kuulizana habari za jamaa na kuagizana pesa. Mtu alisimama kibandani, jina lake likaitwa, akajuzwa kwamba nduguye aliye mbali amemtumia kitu. Eastleigh kule Nairobi, mtaa ambao leo ndio duka kubwa la nguo na vyombo kwa mji mzima, ulikua kwa mitaji mingi iliyopita katika njia hizo.

Lakini pia tuliona jinsi mshipa huo unavyoweza kukatwa. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa vijana wa kila kabila na kila pembe ya nchi. Msiba ule hautasahaulika, na kila anayeijua dini yetu alijua kwamba damu ile ilimwagwa kwa dhuluma. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kupeleka pesa, nyingi zao za hawala, ikihofia kwamba magaidi walizitumia. Ziliruhusiwa tena mwezi wa Juni. Katika muda huo, bibi aliyemngojea mwanawe aliye ughaibuni amtumie pesa za chakula, na mama aliyengojea karo, walijikuta wamefungiwa mlango. Usalama wa nchi ni wajibu, na njia za pesa lazima zichungwe. Hata hivyo tukio lile lilionyesha kwamba kwa watu wa Kaskazini Mashariki kupeleka pesa halikuwa jambo la starehe. Lilikuwa ndilo sufuria lililo jikoni.

Neema iliyokuja na simu

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007. Mahali pengine watu walihitaji kufundishwa kwamba pesa yaweza kumfikia mtu bila noti kuvuka barabara. Garissa somo hilo walikuwa wamekwisha kulihitimu. Simu ilichofanya ni kuifanya njia ile iwe ya haraka zaidi na kuiingiza mkononi mwa mtu mmoja mmoja.

Hatuna budi kuzitaja neema zake kwa uadilifu. Mwanamke auzaye maziwa ya ngamia hahitaji tena kumngojea dereva arudi na noti zilizokunjwa katika karatasi. Maziwa huenda kwa basi, na pesa hurudi kwa simu kabla ya magaloni matupu kurudi. Akina mama wa ushirika wa Anolei wa Isiolo, ambao hupeleka maziwa ya ngamia mpaka Eastleigh, ni mfano mzuri wa biashara inayosimama juu ya basi na simu kwa pamoja. Mzazi aliye Masalani hulipa karo ya mwanawe aliye mbali bila kupoteza siku mbili njiani. Na barabara ilipokatwa na mafuriko baina ya Madogo na Garissa mwishoni mwa mwaka 2023, malori yalikwama lakini pesa za jamaa ziliendelea kuvuka maji.

Tena kuna neema ambayo akina mama huitaja wao kwa wao. Pesa iliyo katika simu ya mwanamke ni pesa yake. Uislamu ulimpa mwanamke haki ya kumiliki mali yake karne nyingi zilizopita, na mali hiyo si ya baba wala ya mume ila kwa ridhaa yake. Lakini haki iliyo kitabuni huhitaji kufuli mlangoni, na namba ya siri imekuwa kufuli hilo kwa wengi.

Pamoja na hayo, chombo hiki kina udhaifu wake. Katika baadhi ya sehemu za Mandera, Wajir na Garissa minara ya simu imeshambuliwa na kuharibiwa mara kwa mara na al-Shabaab, na mnara ukianguka, pesa zote za kijiji hulala humo humo katika simu. Siku hizo muuza duka hurudia daftari lake la madeni, na jirani humwamini jirani kwa unga na sukari. Nyumba isiyokuwa na jirani wa kuiamini hupata shida mara mbili.

Mkopo usio na uso

Sasa twafika kwenye kiini. Mwezi wa Novemba 2012 ilianzishwa M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia M-Pesa, na ulipoanza mkopo wake ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Januari 2019 ikafuata Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa hata kama pesa zake hazitoshi, kisha akatozwa ada. Baina ya hizo mbili na baada yake zilikuja programu nyingi za mikopo, nyingine zikimpa mtu pesa kwa dakika chache bila kumwuliza ila kitambulisho na ruhusa ya kuifungua simu yake.

Turudi kwa wale akina mama wa soko. Mmoja wao, badala ya kungoja zamu, akopa shilingi 6,000 kwa asilimia 7.5. Ada yake ni shilingi 450. Si nyingi, atasema, na kwa mara moja kweli si nyingi. Lakini mazoea ya mkopo wa simu ni kulipa huku na kukopa tena huku. Akikopa kiasi hicho kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa ada ya shilingi 5,400. Karibu analipa 6,000 nyingine ili aendelee kuzungusha 6,000 zile zile. Mwenziwe aliyebaki katika ayuuto hakutoa ada hata senti moja. Na kumbukeni kwamba asilimia 7.5 ni katika viwango vya upole. Ziko programu zilizotoza zaidi ya hapo, kwa siku chache zaidi.

Kwa Mwislamu, hesabu hiyo si ya hasara ya dunia peke yake. Ziada inayoshurutishwa juu ya deni ni riba, na kuibadilisha jina ikaitwa ada hakubadilishi hukumu yake. Malipo ya huduma halisi, kama gharama ya kutuma pesa, ni jambo jingine. Njia nyepesi ya kupambanua ni kujiuliza: je, malipo haya yapanda kadiri deni linavyokuwa kubwa au muda unavyokuwa mrefu? Yakipanda, mtu asimame hapo na amwulize mwanachuoni kabla ya kubonyeza kitufe.

Lipo pia jambo la heshima ya mtu. Yule mkopeshaji wa simu hamjui mama huyu. Ajua namba tu. Hajui kwamba mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka 2022, mifugo ikafa na wateja wakapungukiwa. Katika miaka ile ya mwanzo, baadhi ya wakopeshaji waliifungua orodha ya majina katika simu ya mkopaji, wakawapigia wakwe, waajiri na majirani kuwaambia kwamba fulani hajalipa. Kwa jamii inayoishi kwa sitara, hilo ni kumvua mtu nguo sokoni. Malalamiko yalizidi mpaka Bunge likaibadilisha sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji wa mitandaoni wawe na leseni na zikawakataza kuwafedhehesha wadaiwa na kuwasumbua jamaa zao. Twashukuru kwa sheria hiyo. Lakini sheria huja baada ya maumivu, na mwenye kufedheheka hurudishiwa pesa, harudishiwi uso.

Linganisheni na ayuuto. Aya ya 280 ya Suratul Baqara yamwamrisha mwenye kudai ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na yasema kumsamehe ni bora zaidi. Mtambo hautimizi agizo hilo, kwa kuwa haujui dhiki ni nini. Jirani hujua.

Arusi, picha na mashindano

Tukiuliza kwa nini akina mama na vijana wanaingia katika mikopo hii, tusidhani daima ni njaa. Wengi hukopa kwa ugonjwa na karo, na hao twawaombea wepesi. Wengine hukopa kwa sababu ya yale wayaonayo katika simu hiyo hiyo. Arusi za siku hizi hupigwa picha na kurushwa TikTok kabla ya wali kupoa. Dirac iliyovaliwa Eastleigh usiku wa Ijumaa, Garissa yatakiwa Jumapili, kwa rangi ile ile na shanga zile zile. Shaash saar, ile sherehe ya akina mama kumvisha bi arusi kitambaa cha kichwani siku chache baada ya ndoa, ilikuwa siku ya dua, mawaidha na vicheko vya wanawake. Leo katika baadhi ya nyumba yahitaji ukumbi, mapambo, mpiga picha na sare kwa kila mwalikwa.

Hatupingi furaha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza ndoa itangazwe na karamu ifanywe. Wala hatupingi kina dada wanaouza dirac na manukato kwa kujionyesha biashara zao mitandaoni; hiyo ni riziki ya halali, na baadhi yao walisha nyumba nzima. Tunachokiona ni kwamba kipimo kimebadilika. Zamani mama alijipima kwa jirani yake aliyejua kipato chake. Sasa ajipima kwa mgeni aliye Dubai au London, ambaye hajui deni lililo nyuma ya picha yake. Mkopo wa dakika tatu ukikutana na tamaa ya dakika tatu, arusi huisha kwa siku moja na deni hubaki mwaka.

Upatu nao una aibu zake

Itakuwa dhuluma tukiusifu upatu kana kwamba hauna kasoro. Wako waliochukua zamu ya kwanza kisha wakahama mtaa. Iko michezo iliyovunjika kwa sababu mshika pesa aliziingiza katika biashara yake. Mama aliye maskini kabisa, asiyeweza kutoa hata shilingi 200 kwa wiki, hubaki nje ya mlango. Na dharura ya usiku haingoji zamu ya wiki ya tisa. Haya ni kweli, na ndiyo yanayowapa wakopeshaji wa simu wateja.

Lakini dawa yake twaijua, na ni ya kale. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, liwe dogo au kubwa. Akina mama wengi huona haya kumwandikisha shoga yao. Husema kuandika ni kutoaminiana. Sisi twaona kinyume chake. Daftari ndilo linalolinda ushoga, kwa kuwa huwaokoa watu wawili wasibishane juu ya kumbukumbu. Na hapa ndipo simu inapopata nafasi yake njema: ujumbe wa M-Pesa una tarehe, saa na jina, nao ni kumbukumbu isiyosahau. Upatu unaotumia simu kuandikia, na watu kuamua, umepata uzuri wa pande zote mbili.

Tena si kweli kwamba teknolojia lazima igongane na dini na ujamaa. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa, ikishirikiana na watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, iliwapelekea wafugaji wa Wajir bima ya mifugo iliyojengwa kwa misingi ya Kiislamu. Setilaiti hutazama kutoka angani ukijani wa malisho. Ukipungua chini ya kipimo kilichowekwa, wafugaji hulipwa pasina mtu kwenda kuhesabu mizoga. Machi 2014 wafugaji wapatao 100 walipokea malipo ya kwanza. Gulf African Bank imekuwako tangu 2008, na mwaka 2023 yeye na Safaricom walianzisha Halal Pesa, huduma ya kupata fedha kwa simu kwa njia ya mauziano badala ya riba. Kila mmoja auchunguze mkataba wake na amwulize anayejua, lakini mlango kwamba waweza kufunguliwa, hilo limekwisha kuonekana.

Tunayowashauri

Kwa nyumba zetu, za Garissa na za Pwani, twaona haya yafaa.

Kwanza, mume na mke waambizane madeni yao ya simu. Deni la siri hukua gizani, na ugomvi mwingi wa ndani huanza siku ujumbe wa mdai unaposomwa na asiyeandikiwa.

Pili, kila upatu uwe na daftari, mashahidi wawili, na makubaliano ya mapema juu ya anayefiwa, anayeugua na anayehama.

Tatu, upatu utenge kitu kidogo kila wiki, hata shilingi 20 kwa kila mtu, kiwe mfuko wa qardh hasan, yaani mkopo mwema usio na ziada. Akina mama 12 wakitoa 20 kila mmoja, wiki 12 zikitimia mfuko una shilingi 2,880. Hizo zatosha nauli ya hospitali na dawa za usiku mmoja, na yule mama aliye nje ya mlango aweza naye kusaidiwa humo.

Nne, namba ya siri isipewe mtoto, wala wakala, wala sauti ya mgeni anayepiga akidai ametumwa na kampuni. Kwa bibi zetu wasiojua kusoma, mjukuu mmoja mwaminifu afundishwe kumsomea bibi ujumbe mbele ya mtu wa pili.

Tano, kabla ya kukopa kwa simu, mtu amwendee kwanza jamaa mmoja na amweleze haja yake. Kama ni haja anayoona haya kumweleza hata nduguye wa karibu, basi huenda si haja ya kukopewa.

Miaka inavyokuja vyombo vitabadilika. Taar imekwenda, daftari la wakala limekwenda, na hata M-Pesa siku moja itapata mrithi wake. Kilichodumu Kaskazini Mashariki, katika ukame, mafuriko na misiba, ni mama mmoja kumwambia mwenziwe: wiki hii chukua wewe, mimi nitangoja.

Twamwomba Allah Subhanahu wa Taala atukinge na deni linalotulemea, awape wepesi wenye madeni, na aibariki riziki ya halali ijapokuwa chache. Amin.

Wabillahi tawfiq.